Machungwa Yangu Yaliliwa China

Mwenzenu nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Mtu husema amestaafu pale kazi inapomwacha, na yangu iliniacha mapema. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa watoto wa Kichina, na chumba changu cha kufundishia kilikuwa hapahapa Johannesburg, mtaa wa La Rochelle, uani kwa Mama Neema, yule Mkongo anayesuka nywele. Kazi ile, kwa namna tulivyoifanya sisi, haipo tena. Kwa hiyo naona nina haki ya kukaa kama wakaavyo wazee na kuanza sentensi zangu kwa "zamani zetu".

Naandika kwa ajili yenu mnaonigongea mlango siku za Jumapili. Mmemaliza chuo, mmechoka kuuza kava za simu kwenye duka la mjomba, na mmesikia kwamba Salimu alifundisha Wachina na kwamba mdogo wake yuko hukohuko mpaka leo. Mnataka kujua njia. Nitawaonyesha. Ila njia yenyewe inapita katikati ya wivu wangu, na siwezi kuwapitisha pembeni. Wastaafu wengi huwaambia vijana kwamba walishukuru kwa kila jambo. Mimi nimewahi kuwachunguza watu wa namna hiyo, na siwaamini.

Mpango ulikuwa hivi. Katika mji mmoja wa kusini mwa China kulikuwa na kituo cha masomo ya ziada. Darasani walikaa watoto wanane, wa miaka sita au saba. Mwalimu wa darasani alikuwa Mmarekani, Dana, mwanamke wa rika langu, anayetoka sehemu ya Marekani ambayo mwenyewe aliieleza kuwa ni mahindi na anga tu. Mwalimu wa pili nilikuwa mimi, kwenye skrini ya ukutani, kichwa changu kikubwa kama gurudumu la lori. Kwao ilikuwa jioni, watoto wametoka shule. Kwangu ilikuwa saa sita mchana, na kwa Mama Neema ndio kwanza mashine ya kukaushia nywele imeanza kuunguruma.

Dana alikuwa na miguu. Huo ndio ubora wake wa kwanza, na mimi nilikuwa nao lakini haukuonekana. Mtoto akifunguka kamba ya kiatu, Dana aliinama kumfunga. Mtoto akilia, Dana alimshika bega. Mimi niliweza kumwambia "usilie" kutoka juu kama malaika asiye na mikono.

Dakika chache kabla ya somo, watoto wakigombania viti, alisimama karibu na kamera kunisimulia siku yake. Hakuwa akijisifu. Angejisifu ningepumzika, maana mtu anayejisifu unaweza kumdharau. Dana alilalamika, na hakuna kitu kinachouma kama malalamiko ya mtu aliye mahali unapopataka. Alilalamika kwamba mama anayeuza mikate ya mvuke na maziwa ya soya chini ya ghorofa lake amemzoea mno. Asipopita asubuhi, kesho yake anaulizwa alikuwa wapi. Alilalamika kwamba kila mtu, kuanzia mlinzi hadi daktari, humwambia anywe maji ya moto. Una mafua, maji ya moto. Umeachwa na mchumba, maji ya moto. Bibi mmoja wa kwenye lifti alimuuliza mshahara wake kabla ya jina lake. Jioni akina mama wa mtaa walipanga mistari uwanjani na kucheza, spika inavuma chini ya dirisha lake, naye ana madaftari ya kusahihisha. Jibini ghali. Oveni hakuna. Mkutano wa walimu unatangazwa watu wakiwa wameshakaa.

"Na jana nimekwenda polisi kuandikisha anwani," akaniambia siku moja. "Nusu saa nzima, Sam."

Sam ndiyo jina nililopewa na kituo. Salimu waliliona refu, ingawa walikuwa na mtoto anayeitwa Alexander.

"Walikupa kiti?" nikamuuliza.

"Kiti, na maji ya moto."

Nikajifanya natafuta kitu mezani. Wiki ileile nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kuongeza muda wa kibali changu tangu kabla ya jua, mpaka mlinzi alipotoka kutuambia mfumo umelala, twende tu nyumbani. Kiti nilichokiona siku ile ni chake yeye.

Kazi yenyewe alinifundisha Dana, na hilo nalo lilinikera. Mimi nilikuwa na shahada ya sosholojia na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kitabu kilitutaka tunyanyue penseli tuseme, "Hii ni penseli," watoto warudie. Nikamuuliza Dana: tangu dunia iumbwe, nani amewahi kumwambia mwenzake kwamba hii ni penseli? Kama unaiona, ya nini kuambiwa? Lugha ni mahusiano, nikasema, lugha ni nani anamwambia nani na kwa mamlaka gani. Nilizungumza vizuri. Dana alisubiri nimalize.

"Sam," akasema, "shika penseli."

Nikashika.

"Isogeze karibu na mdomo. Karibu zaidi. Sasa sema neno, mara moja, halafu weka mkono sikioni unyamaze. Na usiwasaidie."

Nilisema nikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu mpaka nikasikia mteja wa Mama Neema akilalamika kwamba amevutwa nywele. Halafu mtoto mmoja akasema penseli, na wengine wote wakamfuata.

Hilo liwekeni akilini hata kama hamtafundisha Wachina. Kitu kikae karibu na mdomo ili mtoto akione pamoja na midomo kwa mtazamo mmoja. Na ukimya uachwe ufanye kazi. Mwalimu mchanga huuogopa, huujaza kwa maneno yake, na mwisho wa mwezi aliyejifunza kuzungumza ni yeye.

Jambo jingine: nunueni kile kibetri cha kisanduku cha intaneti kabla ya kununua tai. Mimi nilianza na tai. Nilifundisha nikiwa na shati na tai juu, na chini kikoi, kwa kuwa Januari ya hapa hairuhusu suruali chumbani, na kamera ilikuwa inaniona kifuani tu. Siku ya somo la "simama" na "kaa" nikasahau. Nikasema simama, nikasimama. Watoto walipiga kelele za furaha ambazo sijawahi kuzisikia tena. Dana, akitaka kusaidia, akawaeleza kwamba nchini kwangu wanaume huvaa sketi siku za kazi. Nikafungua mdomo kumsahihisha, na zamu yetu ya kukatiwa umeme ikafika. Kwa wiki nzima, mpaka somo lililofuata, watoto wanane wa China waliishi na habari hiyo, na sijui wangapi wanayo mpaka sasa.

Salamu, sasa.

Mnajua tulivyolelewa. Humwambii mtu jambo lolote kabla hujajua kwao wameamkaje. Somo langu la kwanza kabisa nilimuuliza kila mtoto: hujambo, baba hajambo, mama je, bibi je, nyumbani kwema? Watoto wote wanane, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mzazi. Dana alikuwa ananionyesha saa ya mkononi nyuma ya migongo yao. Nilipomaliza salamu, muda uliobaki ulitosha kusema kwaheri. Mwalimu Lin, mkuu wa kituo, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kuinua sauti, alinipigia baadaye akaniambia wazazi wanalipia Kiingereza.

"Kwani nilikuwa nasema lugha gani?" nikamuuliza.

Lakini nyuma ya darasa palikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa bibi. Kule baba na mama wako kazini. Bibi ndiye anayemleta mtoto, anamsubiri, anamrudisha. Walikaa pale kila wiki na mifuko yao ya mboga, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza hali zao. Siku ile bibi yake Lele, Lele akiwa ni kasichana kenye mapengo mawili mbele, aliinuka akaja hadi kwenye skrini. Alinitazama kama mtu anayekagua samaki sokoni. Akasema maneno mengi. Lele akayatafsiri kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho:

"Bibi mzuri. Mguu wa bibi si mzuri."

Nikampa pole ya mguu. Mwalimu Lin akakubali tusalimie nyumba moja kila somo, kwa zamu, na nafikiri alikubali kwa sababu bibi walimshambulia. Jumatano iliyofuata bibi yake Lele alikuja na chungwa, lina jani lake bado, akaliweka kwenye meza iliyokuwa chini ya kidevu changu. La mwalimu wa ukutani, akasema.

Fikirini hali ile. Chungwa liko China. Mwenye chungwa yuko La Rochelle. Dana akalitazama, akanitazama.

"Litaoza," akasema.

"Litaoza," nikakubali.

Akalimenya. Alikuwa na adabu zake. Alilila mbele ya kamera ili nishuhudie. Alifumba macho. "Tamu, Sam. Tamu ajabu. Laiti ungekuwepo." Bibi alipoona limeliwa akafurahi, na Jumatano nyingine akaleta jingine. Ikawa desturi. Kila wiki nilipewa chungwa, na kila wiki nilimtazama mtu mwingine akijilamba vidole.

Hapa hatuna shida ya machungwa. Duka la Mburundi pale kona huuza mfuko mzima kwa bei ya mkate. Nikanunua mfuko, nikawa nakula langu huku Dana anakula langu la kule. Sikuona mantiki yoyote katika jambo hilo, na nililifanya msimu mzima.

Kisha Dana akajifunza salamu zangu. Alianza kuwauliza bibi habari za nyumbani kwa Kichina, mguu, mjukuu, kikohozi, na kwa kuwa alikuwa na mikono aliwashika viwiko wakishuka ngazi. Salamu haina mwenyewe. Lakini ulipofika mwaka mpya wao, nyumba ya akina Lele ilimwalika Dana, na picha zikanifikia kwenye simu nikiwa nimekwama kwenye robot, taa za barabarani, pale Turffontein, ndani ya gari la jirani. Dana ameketi kati ya bibi na meza iliyojaa sahani. Dana anafundishwa kukunja vitu kama sambusa za kuchemsha. Unga puani. Lele amemlalia begani.

Wiki ile nikamuuliza kama walinitaja.

"Bibi aliniuliza kama umeoa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia unavaa sketi."

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Baadaye nikakaa kitandani kuuhoji wivu wangu kama nilivyofundishwa kuhoji kila kitu. Nilikuwa na maneno mazuri ya chuo: pasipoti na thamani yake, historia, nani anaruhusiwa kuhama na nani anaitwa mhamiaji. Yote yalikuwa kweli. Na hakuna hata moja lililokuwa na ukubwa wa chungwa.

Mwaka wa pili baba yake Dana akaugua, naye akaamua kurudi kwenye mahindi na anga. Hakuwa amemaliza kuniambia nilipojua ninachokitaka. Mahali pake patakuwa wazi. Nilimwandikia Mwalimu Lin siku hiyohiyo, na Mwalimu Lin akajibu kwamba hata yeye alikuwa amenifikiria, na kwamba bibi wa benchini walikuwa wameanza kugombana nani atanikaribisha kwanza. Nikaanza kujifunza Kichina kwenye simu. Nikampigia mama Tanga kumwambia ajiandae kuwa na mtoto China. Niliota mikate ya mvuke. Nilitaka kuulizwa mshahara na bibi wa kwenye lifti. Nilikuwa nimeshapanga jibu.

Wiki chache zikapita, Mwalimu Lin akanipigia, picha ikiwa imefungwa, sauti tu.

"Mwalimu Sam, pasipoti yako ni ya wapi?"

"Tanzania."

"Nilidhani Afrika Kusini."

"Nimekuja hapa nikiwa na miaka minne. Nimesoma hapa tangu chekechea."

Akanieleza. Kanuni ya kibali cha kazi ilitaka mtu wa nchi ambazo Kiingereza kimeandikwa kuwa lugha ya kwanza. Afrika Kusini imo. Tanzania haimo.

"Kiingereza changu ni cha Johannesburg," nikasema.

"Najua."

"Watoto wako wanane wanazungumza Kiingereza hichohicho. Lele anasema 'eish'."

"Najua, Mwalimu Sam." Akavuta pumzi. "Kunywa maji ya moto."

Alikuwa ananipa pole.

Hapo ndipo anapoingia Shamim, yule mdogo wangu mnayeniuliza habari zake. Ni mtoto wa mama mdogo, na mama mdogo aliolewa na mtu wa Soweto, kwa hiyo Shamim ni wa hapa kwa karatasi zote. Alikuwa na shahada ya masoko na hana kazi. Alishinda saluni kwa mama yake kule Turffontein akitafuna jojo na kunidhihaki. Kiswahili anakisikia chote, mpaka mafumbo, lakini tangu utotoni hujibu kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kizulu. Maneno yake hapa nimeyaweka kwa Kiswahili kwa ajili yenu. Mimi aliniita bhuti, yaani kaka kwa Kizulu.

Dana alikuwa bado na wiki mbili. Mama mdogo alimtuma Shamim aniletee pilau, akaingia bila kubisha katikati ya somo, mkoba begani, jojo mdomoni. Ilikuwa zamu ya akina Lele kusalimiwa, na bibi alikuwa amesogea mpaka kwenye skrini, uso wake umejaa kompyuta yangu yote. Shamim akamwona mtu mzima. Na huyu Shamim, asiyempisha mtu hata mlangoni, akateremsha bakuli, akakunja magoti kidogo, mikono yote miwili mbele, kama mama yake alivyomzoesha kuwaamkia wakubwa. Hakufikiri. Magoti yalifikiri yenyewe.

Bibi akapiga makofi. Akasema kitu, na Lele akatafsiri: "Bibi anauliza, huyu nani? Bibi anasema, huyu amelelewa."

"Mdogo wangu," nikasema.

Watoto wakataka kujua anatafuna nini. Shamim akasogea kwenye kamera akapuliza jojo mpaka likawa puto kubwa, likapasuka puani mwake. Darasa zima lilisimama juu ya viti. Neno "puto" nilikuwa nimelifundisha kwa picha wiki mbili bila mtu kulikumbuka. Siku ile walilishika kwa sekunde moja, na si kutoka kwangu. Kwa hiyo hata bibi yangu, nikawaza. Hata puto langu.

Watoto walipoondoka, Mwalimu Lin alibaki mbele ya kamera.

"Mdogo wako ana shahada?"

"Anayo."

"Amezaliwa wapi?"

Mnakumbuka nilichowaambia kuhusu ukimya. Lin naye ni mwalimu, aliuliza, akaacha. Nyuma yangu Shamim alikuwa anafungua bakuli, hasikilizi, anatafuta kijiko. Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: Tanga. Familia yetu yote ni ya Tanga, hata yeye mwenyewe husema hivyo kwa mzaha. Neno moja, na mahali pale pangekwenda kwa mtu nisiyemjua, ambaye singelazimika kumwona kwenye picha za mwaka mpya. Mgeni akila chungwa lako, angalau humjui. Huyu ningemjua.

"Soweto," nikasema.

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha, na kila jibu nililopata lilikuwa limenipendelea. Huenda ni kwa sababu tu pilau la mama yake lilikuwa limeshafunguliwa na chumba kizima kinanukia.

Nilimfundisha mwezi mzima pale saluni, wateja wakiwa ndio watoto. Alikuwa mwanafunzi mbaya kwa sababu alinifanana.

"Kwa nini niwaulize habari za nyumbani, bhuti? Mimi hapa sikuulizi wewe."

"Shika chanuo."

"Na nani katika dunia hii anasema 'hili ni chanuo'?"

"Shamim. Lisogeze karibu na mdomo."

Mama mdogo, mikono yake ikiwa kichwani mwa mtu, akatikisa kichwa. "Mmoja anauliza kwa nini, wa pili anauliza kwa nini. Kweli mnafundishana, au mnafanyiana mahojiano ya polisi?"

"Mama, wewe huelewi, hii ni mbinu," Shamim akasema.

"Mbinu nimeiona. Chanuo langu lirudi hapa."

Niliyomwambia yeye nawaambieni na nyinyi. Vyeti vipelekwe kuthibitishwa mapema, maana mihuri ndiyo inayochelewesha safari. Mtu akikuambia uende kwa viza ya utalii, utarekebishiwa ukifika, mkatie simu. Omba kuzungumza na mwalimu aliyeko kwenye kituo hicho, na umuulize anachokilalamikia. Akikosa la kulalamikia, jua kuna mtu amesimama nyuma yake. Beba stika za watoto na viatu vya kusimama. Na ukifika, uliza habari za nyumbani kwao.

Shamim akaenda. Jumatano ya kwanza nilimwona amesimama pale alipokuwa anasimama Dana, na miguu yake, na mikono yake, na nikaendelea kuwa kichwa. Malalamiko nayo yakabadilisha mwenyewe.

"Eish, bhuti, hawa watu na maji yao ya moto."

"Bibi wa kwenye lifti amekuuliza mshahara?"

"Ameniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nikamuuliza wa kwake. Sasa ni rafiki yangu."

Watoto walitaka kushika rasta zake. Aliwapanga mstari, kila anayetaka kushika aseme kwanza sentensi nzima bila kosa. Kwa wiki moja darasa lile lilijifunza zaidi ya nilivyowahi kulifundisha mimi, na niliona wivu mpaka nikasikia joto masikioni. Siku moja tu sikumwonea wivu. Mzazi mmoja alimuuliza Lin mwalimu mwenyewe atafika lini, na Shamim alikuwa amesimama palepale mbele yake, chaki mkononi. Alinisimulia akicheka. Alicheka muda mrefu kuliko hadithi ilivyostahili. Aliongeza kwamba bibi yake Lele aliinuka kwenye benchi akamjibu yule mzazi kwa maneno ambayo Lele alikataa katakata kuyatafsiri.

Chungwa liliendelea kuja. Shamim hakulila mbele yangu kamwe. Alilitia mkobani na kuendelea na somo, na mimi nikakasirika kwa kunyimwa hata kule kutazama.

Kisha sheria za masomo ya ziada zikabadilika kule. Walimu wa skrini walio nje ya nchi hawakuruhusiwa tena. Shamim alikuwa na kibali chake, akabaki. Lin alinipigia, safari hii picha ikiwa wazi, akanishukuru kwa maneno mengi, na sikumngoja aniambie ninywe nini; nilimwonyesha kikombe changu, kinatoa moshi.

Jumatano ya mwisho bibi alikuja pole pole kwa mguu wake. Lele meno yalikuwa yameota, na Kiingereza chake hakikuwa tena na mapengo. Alisimama pembeni ya bibi yake akatafsiri kila neno.

"Bibi anasema, Mwalimu Sam, hujambo? Mama yako Tanga hajambo? Mama mdogo hajambo? Jirani yako wa nywele hajambo? Umeme haujambo?"

Aliniuliza nyumba nzima. Nilijibu mmoja mmoja, sikuruka mtu, na Lin hakuonyesha saa. Tulipomaliza, muda uliobaki ulitosha kusema kwaheri.

Bibi akatoa chungwa. Safari hii hakuliweka mezani. Alimpa Shamim mkononi na kumwonyesha kwa kidole kwamba alile pale pale, nione. Shamim akalimenya taratibu, ganda likashuka refu bila kukatika. Akavunja kipande, akatia mdomoni. Nikamuuliza nilichokuwa nikimuuliza Dana kila wiki:

"Tamu?"

Alilitazama chungwa, kisha akanitazama mimi, juu ukutani.

"Kali, kaka," akasema, kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu azaliwe. "Kali kama ndimu. Hata mbuzi hali."

Bibi, ambaye hakuelewa kitu, alitabasamu. Maji ya chungwa yalikuwa yanamtiririka Shamim mpaka kwenye kiwiko.

"Basi liache," nikamwambia.

Hakuliacha.